Sahihi ya Dada Mbele ya Baraza

Dada yangu alikuwa amekaa kaburini miezi minne alipotia sahihi kwamba anaunga mkono ujenzi wa ghorofa.

Nilipata habari hiyo mchana wa jua kali, nikiwa kwenye karakana yangu Kawangware 46, napiga randa ubao wa kitanda. Simu ililia. Alikuwa mwalimu mmoja mstaafu anayeishi mtaa wa Ayany, mama ambaye ukuta wake wa nyuma unapakana na Kibera, mahali dada alipokuwa na nyumba. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua sukuma wiki kwa dada, na walikuwa wamezoeana hata wakawa wanaitana kupitia tundu la ukutani.

"Fundi," akasema, "namba ya kitambulisho cha dada yako unaijua?"

"Mbona, mwalimu?"

"Njoo uone mwenyewe. Hili si jambo la simu."

Sasa niseme dada alikuwa nani. Alitangulia kuja Nairobi kutoka Kitui, akafanya vibarua vya kufua, kisha akaniita. Mimi ni kitinda mimba na yeye alikuwa wa kwanza, kwa hiyo alinilea kuliko mtu mwingine yeyote. Kule Kibera alipata chumba cha udongo na mabati kwenye safu ya mwisho kabisa kabla ya ukuta wa Ayany. Chini ya mteremko kulikuwa na chemchemi ndogo na kibonde cha matete, na hapo ndipo alipolima mboga na nduma. Nyumba yenyewe ilikaa juu, penye udongo mgumu. Aliichagua kwa sababu hiyo. "Wengine wakilala na ndoo miguuni mwezi wa Aprili," alikuwa akiniambia, "mimi nalala kama niko kwetu Kitui. Hata tone."

Presha ilimchukua kwa siku mbili. Tulimsafirisha, tukamzika nyumbani kando ya mama. Kitambulisho chake nilikirudisha mwenyewe ofisini nilipokwenda kuchukua cheti cha kifo. Niliporudi Nairobi nilinunua kufuli mpya yenye ufunguo mmoja, nikafunga chumba chake, nikaanza kuweka mbao zangu humo. Vitu vyake vingi niliviacha vilivyokuwa. Nilichukua kikombe tu, kile cha bati la bluu kilichobanduka rangi ukingoni, nikakiweka karakana kiwe cha kutilia misumari. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipita kufungua mlango ili hewa iingie.

Kwa mwalimu nilikuta ripoti nene mezani. Ng'ambo ya chemchemi kulikuwa na kiwanja ambacho mwenyewe alitaka kujenga ghorofa yenye maegesho chini ya ardhi, na mradi wa namna hiyo hauanzi bila leseni ya mazingira. Ili kupata leseni, mtaalamu huandika ripoti: udongo ukoje, maji yanapita wapi, majirani wanasemaje. Ripoti hiyo ilisema kibonde ni kikavu mwaka mzima. Kuhusu safu ya dada ilisema ni vibanda vya muda, wakazi wachache, wote wameshauriwa na wote wamekubali. Nyuma kabisa zilibandikwa fomu za hao wakazi.

Mwalimu alifungua ukurasa aliokuwa ameutia kijiti cha kibiriti.

Jina la dada. Namba ya kitambulisho, sawasawa. Alama ya vema kwenye kisanduku cha "naunga mkono". Tarehe, miezi minne baada ya mazishi. Na chini, sahihi yake. Dada hakusoma sana. Sahihi yake ilikuwa herufi tatu tu, ya mwisho ikiburuta mkia mrefu unaorudi nyuma chini ya zile nyingine. Nilikuwa nimeiona kwenye barua za shule yangu tangu nikiwa na miaka saba.

Niliusogeza ukurasa dirishani, kwenye mwanga.

"Huyu si yeye," mwalimu akasema, kana kwamba alikuwa akiniuliza.

"Mkono ni wake, mwalimu."

Alisogeza kidole hadi kwenye mstari wa maoni, palipoandikwa kwa mwandiko mwingine, wa haraka: *Mkazi anasema maji yanapita chini ya kitanda chake.*

Hapo ndipo nilipokaa. Katika maisha yake yote chumba kile hakikuwahi kuingia maji. Kama mtu alitaka kubuni maneno ya dada yangu, angebuni jambo lolote lile ila hilo.

Kutoka pale mambo yalikwenda mbio. Mwalimu alikuwa amekwisha kumpata wakili, kijana mpole anayeshughulikia kesi za ardhi na maji, na yeye ndiye aliyetueleza. Ukipinga leseni ya mazingira, huanzii kwa hakimu. Kuna baraza maalumu la rufaa, lenye mwenyekiti mwanasheria na wajumbe wanaojua mambo ya ardhi na mazingira, na una siku sitini tu za kuwafikia. Sisi tulikuwa tumebakiwa na tisa. Tuliandika rufaa kwa jina la mwalimu na la wakazi wa safu ile. Mimi nikawa shahidi. Baraza likatoa amri kazi isimame hadi kesi isikizwe.

Wakati huo tingatinga lilikuwa limeshachimba shimo kubwa kama uwanja wa shule. Amri ilipofika, dereva alizima injini akaondoka. Jumapili iliyofuata nilikwenda kufungua chumba kama kawaida, nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimezoea chemchemi. Haikuwa na kelele, ila ulikuwa ukisimama pale unaisikia, kama mtu anayemimina chai chumba cha pili. Siku hiyo haikusikika. Shimo lilikuwa na maji ya kufika kifundoni, meupe, yametulia tuli. Vyura hakuna. Hata watoto wa ploti, ambao hawachezi mbali na maji, walikuwa wamekaa juu kwenye mawe wakilitazama shimo.

Kesi ilitajwa mara ya kwanza kwa mtandao. Mwalimu alifuatilia akiwa kwake, mimi nikaingia saiba moja, duka la intaneti pale Kawangware 46, nikavaa vifaa vya masikioni katikati ya watu wanaopiga chapa vyeti. Kwenye kioo kulikuwa na vidirisha, katika kila kimoja uso. Karani wa baraza alisoma namba ya rufaa, akauliza mawakili wako tayari lini. Kisha wakili wa mwenye mradi akasema ataegemea maoni ya wakazi walioshauriwa. Karani akataka kujua kama yupo yeyote kati yao aliyeingia. Akaanza kuwaita kwa majina.

Alifika la dada.

Akangoja. Ninavyokumbuka, ule ukimya ulikuwa mrefu kuliko wa majina mengine, lakini huenda ni mimi. Kidirisha kimoja kisicho na picha, cheusi tu, kilizungukwa na mstari wa kijani, ule unaowaka mtu akitoa sauti. Hakuna nilichosikia. Mstari ukazima.

"Hayupo?" karani akauliza.

Nilibonyeza kitufe cha kuongea. "Alifariki, mheshimiwa. Mimi ni ndugu yake."

Nyuso zote zikainuka pamoja.

Siku ya kusikizwa tulipanda lifti hadi ghorofa ya juu ya jengo moja mjini. Nilitarajia kizimba na mahakimu wenye nywele za bandia. Nilikuta chumba cha mkutano chenye zulia, meza ndefu, na watu watatu mbele: mwenyekiti, ambaye alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba; mpima ardhi; na mhandisi wa maji aliyekuwa mzee wa maneno machache. Kila mtu alikuwa na faili sawa na la mwenzake, na kila kilichosemwa kilitajwa kwa namba ya ukurasa. Walizungumza Kiingereza mpaka nilipoitwa mimi. Hapo mwenyekiti akageuza lugha, akaniuliza kwa Kiswahili kama niko sawa. Nikashika Biblia, nikaapa.

Wakili wetu alinipa cheti cha kifo nikisome kwa sauti. Nilikisoma. Kisha akaniuliza nani mwenye ufunguo wa chumba, nikautoa mfukoni nikauweka mezani. Kazi yangu kwa upande wetu ikawa imekwisha.

Wakili wa mwenye mradi akasimama. Hakuwa mkali.

"Wewe unakaa Kawangware?"

"Ndiyo."

"Siku iliyoandikwa kwenye fomu, ulikuwa wapi?"

"Karakana. Ilikuwa siku ya kazi."

"Kwa hiyo hujui nani alikuwa Kibera, kwenye mlango ule, siku ile."

"Najua nani hakuwa."

Mpima ardhi alikohoa kuficha kicheko. Wakili akafungua ukurasa. "Hebu itazame sahihi hii. Ni ya dada yako?"

Wakili wetu alikuwa ameniambia swali hili litakuja. Alikuwa ameniambia nijibu ninachokijua tu. Nikaitazama tena, ule mkia unaorudi nyuma, na nilikuwa nimeapa.

"Inafanana na yake kabisa," nikasema.

Mwenyekiti aliacha kuandika, akaniangalia juu ya miwani. Mwalimu, nyuma yangu, alivuta pumzi kwa nguvu.

Baada ya chakula aliingia mtaalamu aliyeandika ripoti. Alijitetea vizuri hadi alipoulizwa kama alifika kwa wakazi mwenyewe. Alisema alimtuma karani wake. Yule karani akaitwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa sweta la kijivu ingawa chumba kilikuwa na joto. Aliapa kwa sauti ya chini. Wakili wetu alimwekea fomu mbele yake, moja baada ya nyingine: mwandiko ule ule, kalamu ile ile, maneno yale yale, *naunga mkono mradi, utaleta maendeleo*. Akamwuliza alizijaza wapi. Karani alizipindua moja moja.

"Ofisini," akasema.

Wakili wa mwenye mradi alisimama haraka, mwenyekiti akamwashiria akae.

"Ofisini vipi?"

"Nilipewa orodha ya zamani ya watu wa mradi wa maji. Ina majina, namba za vitambulisho na sahihi. Nikazijaza. Sahihi nilitia mimi. Niliambiwa tarehe ya mwisho imefika." Alikuwa akilia bila kujifuta. "Naomba msamaha."

Nilihisi mzigo unanitoka. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, orodha na kalamu, hakuna la ajabu. Hata mkia wa ile herufi ulikuwa umenakiliwa kutoka kwenye orodha. Nilikuwa tayari kuanza kupumua.

"Zote?" wakili wetu akauliza, kwa kumalizia tu.

"Zote isipokuwa hii."

Alikuwa ameshika fomu ya dada yangu.

"Hii niliijaza mlangoni. Nilikwenda siku moja tu. Mvua ilinikuta, nikajibanza kwenye nyumba ya mwisho. Mama mmoja alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Akanipa stuli. Nilikuwa nakohoa, akanipa maji kwa kikombe cha bati, cha bluu, kimebanduka hapa." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa kikombe ambacho hakikuwepo. "Hakukubali mradi wala hakukataa. Ile alama ya vema niliiweka mimi baadaye, kama kwa wengine. Lakini maneno ni yake. Alisema maji yanapita chini ya kitanda chake, na kwamba mdogo wake hajui. Kisha akatia sahihi."

Mwenyekiti akasema taratibu, "Dada, umesikia leo asubuhi kwamba mwenye jina hili alikuwa amekufa?"

"Nimesikia, mheshimiwa. Sikumwuliza kama ni yeye. Nilimwuliza jina, akaniambia."

"Labda ni jirani."

"Labda."

Kikombe kile kilikuwa Kawangware, kimejaa misumari ya inchi tatu. Nilitaka kusimama niseme hivyo, lakini shahidi akishamaliza hasemi tena mpaka aitwe, na hakuna aliyeniita.

Baraza liliamua kwenda kuona mahali penyewe kabla ya kuandika uamuzi. Kumbe wana uwezo huo, hawafungwi na karatasi. Walikuja asubuhi moja ya Jumatano, magari mawili yakaachwa Ayany, wakashuka kwa miguu wakiwa na mawakili wa pande zote, mtaalamu na karani wake. Vijana wa pale waliniona na suti yangu ya kanisani wakaniita, "Niaje fundi, umekuwa mheshimiwa?" Kisha walipoona nyuso za waliofuata wakatupisha.

Wakalizunguka shimo. Mpima ardhi alipima kutoka ukingoni hadi kwenye matete. Mhandisi aliuliza chemchemi ilikuwa wapi, mwalimu akamwonyesha mawe makavu. Mzee alichuchumaa, akaweka kiganja pale, akatikisa kichwa.

"Na nyumba ya mwisho?" mwenyekiti akauliza.

Karani wa fomu ndiye aliyetangulia. Hakuna aliyemwonyesha. Alipita milango mitano akasimama kwenye ule wa dada. "Hapa," akasema, na hakutaka kusogea karibu zaidi.

Nilikuwa nimefungua chumba kile Jumapili iliyopita na kilikuwa kikavu. Kufuli ilikuwa mahali pake, na vumbi juu. Nikaingiza ufunguo. Mlango ulikuwa mzito, nikausukuma kwa bega, na harufu ya udongo mbichi ikatupiga usoni kama tumefungua kisima.

Sakafu ilikuwa imeloa. Si kama mtu aliyemwaga maji. Ilikuwa na mfereji mwembamba, safi, unaotoka kwenye ukuta wa upande wa mteremko na kupita moja kwa moja chini ya kitanda, halafu unapotelea kwenye kona. Na sauti ile niliyokuwa nimeikosa wiki zote zile, sauti ya kumimina chai, ilikuwa mle ndani.

Tulisimama tukiisikiliza. Mawakili, wajumbe, sote. Sijui kwa muda gani.

Mhandisi aliingia peke yake, akavua kiatu kimoja, akainama akaonja maji kwa kidole. "Ni ile chemchemi," akasema. "Wamekata njia yake kule chini, imetafuta nyingine. Andika." Karani wa baraza akaandika. Mtaalamu wa ripoti alikuwa akiangalia viatu vyake. Fomu iliyosema maji yanapita chini ya kitanda ilikuwa imejazwa wiki sita kabla ya tingatinga kufika.

Uamuzi ulisomwa mwezi uliofuata, ghorofa ile ile. Mwenyekiti alisoma kwa dakika arobaini. Leseni ilifutwa, kwa sababu ripoti ilificha chemchemi na kwa sababu wakazi hawakushauriwa. Mwenye mradi aliambiwa afukie shimo kwa usimamizi na, akitaka kuendelea, aanze upya kwa ripoti ya kweli. Kuhusu fomu ya dada kulikuwa na aya moja fupi, na wakili wetu alinitafsiria polepole. Baraza limeona cheti cha kifo. Haliwezi kukubali kwamba marehemu alishauriwa. Limemsikia shahidi na halisemi kwamba alidanganya. Halina la kuamua zaidi juu ya jambo hilo.

Karani wa fomu alikuwa amekuja kusikiliza, ingawa hakuitwa. Tulikutana kwenye korido, karibu na lifti. Alikuwa amepoteza kazi.

"Unafanana naye," akaniambia. "Macho. Nilikuona siku ya kwanza nikajua."

"Alikuwa vipi?" nikauliza. Nilikuwa nimekusudia kumwuliza kama ana uhakika, lakini hilo ndilo lililotoka.

Akafikiri. "Hakuwa na haraka," akasema.

Lifti ikaja akaingia. Nilibaki nimesimama mpaka mwalimu aliponishika mkono, akaniambia, "Twende, fundi. Twende nyumbani."

Chumba kile nilikibomoa mwenyewe, bati kwa bati, kwa siku mbili. Hakikuwa cha kukaliwa tena na mtu. Nilikuwa na hofu kidogo nilipoinua kitanda, lakini chini yake kulikuwa na changarawe tu na maji yanayopita. Wanawake wa safu ile walipanga mawe kuzunguka mahali hapo, na wiki haikuisha kabla mtu hajaweka ndoo.

Mwenye mradi alirudi mwaka uliofuata na mtaalamu mwingine na mchoro mdogo, wa nyumba fupi isiyochimbwa chini. Safari hii waliitisha mkutano wa wakazi. Hema lilipigwa kwenye kiwanja kilichofukiwa, viti vya plastiki vikapangwa, na mtaalamu mpya akasimama akaeleza kila kitu kwa Kiswahili, hata mabomba ya choo. Mwalimu aliuliza maswali manane. Mimi niliuliza moja, kuhusu maji, nikajibiwa vizuri.

Kisha daftari la mahudhurio likapitishwa. Liliponifikia lilikuwa limejaa nusu ukurasa. Niliinuka nalo, nikaomba radhi kwa mwenyekiti wa mkutano, nikaanza kusoma majina yaliyonitangulia, moja moja, kwa sauti.

"Wee fundi, umekuwa chifu?" mtu akapaza sauti nyuma, na watu wakacheka.

Sikuacha. Wa kwanza akainua mkono, bado anacheka. Wa pili. Kufikia wa tano hema lote lilikuwa kimya, na kila jina nililolitaja, nilingoja mpaka nione mkono na uso. Wote walikuwepo. Nikaketi, nikaandika jina langu na namba yangu, nikatia sahihi, nikampa daftari mama aliyekuwa kando yangu.